Kurisiti Form Six ukiwa Arusha au Moshi: tuisheni, shule ya kutwa au kujisomea?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka Julai, simu za walimu wa huku kwetu hazitulii. Anapiga mama wa Usa River, anapiga mjomba wa Kiboriloni, na swali ni lile lile la kurudia mtihani: "Mwalimu, huyu kijana tumpeleke wapi arisiti?" Halafu yanafuata majina ya vituo na bei zake. Mimi huwa nauliza kwanza kitu kingine: miezi yote hiyo, nani atakuwa anamsahihishia?

Aliyemaliza Form Six notsi anazo, tena za kujaza begi. Mada ameshafundishwa. Alichokikosa mara nyingi ni mtu wa kuisoma insha yake mstari kwa mstari na kumwonyesha maki zilipopotelea. Kwa hiyo njia hizi nitazipima kwa kigezo hicho kwanza, bei na umbali vifuate nyuma.

Soma matokeo kabla ya kusoma mabango

Familia nyingi huishia kwenye neno "Division" na kuacha hapo. Tatizo ni kwamba Necta, wenye mtihani, na TCU wanahesabu kinyume. Kwa Necta, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Pointi chache ndizo nzuri, na Division Three ni kuanzia 13 hadi 17. Kwa TCU, wanaosimamia udahili wa vyuo vikuu, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1 na S ni nusu. Pointi nyingi ndizo nzuri. Kiwango cha chini cha kuomba shahada ni kufaulu masomo mawili makuu ya tahasusi, yaani kuanzia A hadi E, na jumla ya hayo mawili ifike pointi 4.

Chukua watoto wawili wa HGL. Wa kwanza ana D ya Historia, E ya Jiografia na E ya Kiingereza. Wa pili ana C, E na S. Kwa Necta wote wana pointi 14, wote ni Division Three, na nyumbani wote wamepigiwa vigelegele. Ukihamia kwenye hesabu ya TCU, wa kwanza ana pointi 3 katika masomo yake mawili bora, wa pili ana 4. Wa pili anaweza kuanza kuomba chuo. Wa kwanza hawezi, ingawa ndiye aliyefaulu masomo yote matatu! Nimeona wazazi wakigombana na mtoto juu ya jambo hili wakidhani amejaza fomu vibaya.

Sasa tazama huyo wa kwanza anahitaji nini. Anahitaji E moja ipande iwe D. E ni maki 40 hadi 49, D inaanzia 50. Ni maki chache za somo moja. Kumlipia ada ya mwaka mzima, sare na chakula cha mchana, aanze tena na mada ya kwanza ya Form Five, ni kutibu goti kwa kufunga bandeji mwili mzima.

Mwingine ni binti wa PCB anayetaka udaktari, labda pale pale KCMC, Moshi. Udaktari unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, na hakuna hata moja inayoruhusiwa kuwa chini ya D. Akiwa na C, C na E ya Fizikia, pointi 7 anazo na bado hapiti. Huyu naye anahitaji somo moja tu, lakini somo lenyewe lina maabara, na hiyo inabadilisha uchaguzi wake wote kama nitakavyoeleza.

Mtahiniwa wa kujitegemea si lazima asajili masomo yote. Anaweza kurudia moja au mawili. Ila kabla hujafanya hivyo, nenda au piga simu chuo unachokitaka uulize wanapokeaje matokeo ya vikao viwili tofauti. Uliza pia fomati ya mtihani wa mwaka wako. Mtaala uliotolewa 2023 unaingia madarasani kwa awamu, na notsi za kaka yako zinaweza kuwa zimepitwa bila wewe kujua.

Tuisheni ya jioni

Hii ndiyo njia ya wengi. Ukitembea Ngarenaro, Kaloleni au Mianzini, au ukiwa Moshi upande wa Majengo na Soweto, mabango yamebandikwa juu ya mabango mengine kwenye nguzo za umeme: QT (mtihani wa maarifa), PC (watahiniwa wa kujitegemea), Pre-Form One, kozi ya Kiingereza, kompyuta, vyote mahali pamoja. Unalipia kwa somo kwa mwezi, kwa hiyo mwenye shida ya somo moja hachangii masomo ya wenzake. Unaweza kushinda dukani au kwenye saluni mchana ukaingia darasani saa kumi na moja. Na kitu ambacho watu hawakitaji: ratiba. Mtu anayejua kwamba Jumanne kuna Jiografia na wenzake wanamsubiri atafungua daftari hata siku ambayo hana hamu.

Walimu wa vituo hivi wengi ni walimu wa shule wanaoongeza kipato jioni, na baadhi yao huitwa kusahihisha mitihani ya taifa. Ukimpata wa aina hiyo umepata hazina. Lakini kuwa naye mbele ya ubao ni kitu kimoja, na kuwa naye juu ya karatasi yako ni kitu kingine. Piga hesabu: darasa la watu 50, kila mmoja aandike insha mbili kwa wiki, ni insha 100. Kila insha ikichukua dakika kumi kusahihishwa vizuri, ni zaidi ya saa 16 kwa wiki, kwa mtu ambaye mchana ana ajira nyingine. Haiwezekani. Kinachotokea ni kwamba mwalimu anaandika "majibu" ubaoni, mnanakili, mnaondoka mkijiona mmesoma.

Basi ukienda kuulizia kituo, usianze na bei. Omba kuona daftari la mwanafunzi aliyemaliza mwaka jana, au hata wa mwaka huu. Lifungue katikati, si ukurasa wa kwanza ambao kila mtu huupamba. Tafuta wino mwekundu. Kuna alama za vema tu pembeni, moja kila aya, na mwishoni 14/20 bila neno? Hapo mtu amepitisha kalamu. Kuna mahali pameandikwa "mfano uko wapi?" au "hili ni lile lile la hoja ya pili"? Lipia. Wakikwambia hawana daftari la kuonyesha, wamekujibu.

Halafu kuna njia ya kurudi nyumbani. Anayekaa Ngaramtoni, Kwa Mrombo au Usa River akisoma mjini hadi saa mbili usiku atagombania kifodi, yaani daladala, kituoni na watu wanaotoka kazini, na wa Uru au Marangu anayesoma Moshi mjini ana hali ngumu zaidi maana magari ya kupanda mlimani hupungua giza likiingia. Ongeza kwamba Machi na Aprili, miezi ile mtu anapotakiwa kukaza buti, ndiyo masika. Kituo cha wastani unachofika kwa miguu, chenye mwalimu anayesahihisha, kinashinda kituo chenye jina kilicho vifodi viwili mbali.

Shule ya kutwa inayopokea PC

Hapa unaingia darasani na wale wa Form Six wenyewe, asubuhi hadi alasiri. Ni njia ghali kuliko zote, na gharama yake haiishii kwenye ada: huwezi kufanya kazi, kuna chakula cha mchana, na baadhi ya shule zinadai sare hata kwa mtu mzima. Kwa mtu wa sanaa mwenye E anayetaka D, siishauri. Miezi mitatu ya kwanza utakuwa unasikia mambo unayoyajua, ukipiga miayo nyuma ya darasa na watoto wanaokuita "bro".

Kwa mtu wa sayansi hadithi ni nyingine kabisa. Fizikia, Kemia na Baiolojia kila moja ina pepa ya tatu, ya vitendo. Fikiria ile titresheni ya Kemia. Umeshika bureti, chini yake chupa yenye kiashiria, na rangi inageuka kwa tone moja. Ukichelewa kufunga koki kwa sekunde, umepitiliza, kipimo hicho hakifai, rudia. Mkono unaojua kufunga koki kwa wakati haupatikani kwa kusoma kitabu wala kwa kutazama video. Unapatikana kwa kuharibu vipimo vingi mbele ya mtu anayekwambia umeharibu wapi. Kituo cha jioni chenye viti vya plastiki na ubao hakina hayo. Baadhi hukodi maabara ya shule jirani mwishoni mwa mwaka, na ni bora kuliko kukosa, ila uliza mapema ni mara ngapi na ni watu wangapi kwa bureti moja.

Faida ya pili ya shule ni mitihani ya mock, ile ya majaribio. Unakaa saa tatu kamili, kwa kengele, na karatasi inasahihishwa na mtu asiyekujua. Hiyo ndiyo sahihisho yenye ukweli kuliko zote, kwa sababu mwalimu anayekupenda hukuongezea maki bila kujijua.

Kuna njia ya kati ambayo wengi hawaiulizii. Zungumza na mkuu wa shule: zipo shule zitakazokubali uje kwa vipindi vya maabara na mock peke yake, ukilipia hivyo tu, huku mengine ukijisomea. Wakikataa, hujapoteza kitu isipokuwa nauli.

Kujisomea

Hii ndiyo inayodharauliwa zaidi, na kwa mtu wa sanaa, awe wa HGL, HKL au HGE, aliyekosa pointi moja mimi naiweka ya kwanza, kwa sharti moja ambalo nalieleza hapa chini.

Vifaa vipo na vingi ni bure. Tovuti ya Necta ina fomati za mitihani, na ina kitu ambacho nashangaa jinsi wanafunzi wachache wanavyokijua: taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kila somo na kila mwaka wake. Humo wanapita swali kwa swali wakieleza waliofaulu walifanya nini na walioshindwa walikosea wapi. Wanaweka picha za majibu halisi, mwandiko wa mtahiniwa mwenyewe, jibu zuri na jibu bovu. Mwishoni kuna jedwali la mada kwa rangi: kijani kwa zilizofanywa vizuri, njano kwa za wastani, nyekundu kwa zilizowashinda watu. Soma taarifa za miaka mitatu za somo lako, ukiwa na kalamu. Utaona mada zile zile zinarudi kwenye nyekundu, na utaona kosa lile lile: swali limeagiza kutathmini, mtahiniwa ameorodhesha. Taasisi ya Elimu nayo ina maktaba ya mtandaoni yenye vitabu vya kiada, na Maktaba ya Mkoa, ya Arusha na ya Moshi, ina meza, utulivu na watu wengine wanaosoma, jambo ambalo nyumbani halipo.

Na nyumbani ndipo njia hii inapovunjikia. Kijana aliyerudi nyumbani kwa miezi kumi anaonekana hana kazi. Huko migombani kuna ng'ombe wa ndani anayetaka majani kila siku, kuna maji, kuna mdogo wa kupelekwa shule. Binti ndiye hasa anayeumia: anageuka mpishi na mlezi wa nyumba nzima, halafu Julai anaulizwa kwa nini hakupanda. Mzazi unayesoma hapa, kama umechagua njia hii kwa sababu haina ada, basi ada yake ni saa nne za kila siku ambazo hutamtuma popote. Huwezi kutoa hizo? Mlipie tuisheni, angalau huko hutamfikia.

Sharti nililosema ni hili: tafuta mwalimu wa kusahihisha tu. Usimwombe akufundishe. Mwambie nitakuletea insha tatu kila Ijumaa, nilizoandika kwa saa, kwa mkono, nitakulipa kwa karatasi. Walimu wengi watakubali kwa sababu hawahitaji kuandaa somo wala kuondoka kwao. Linganisha gharama hiyo na tuisheni ya mwezi, utashangaa. Mkiwa watatu au wanne mkachangia, inashuka zaidi, na mkisomeana insha zenu kwa sauti kabla ya kuzipeleka mtakamata nusu ya makosa wenyewe. Andika kwa Kiingereza, kwa sababu mtihani ukiacha Kiswahili na lugha nyingine ni wa Kiingereza, na kuna watu wanaijua Historia vizuri sana kwa mdomo ambao kalamu huwakwama dakika ya arobaini.

Makundi ya WhatsApp

Yanafaa kwa kutumiana pepa za zamani na kuulizana tarehe. Hakuna anayekusahihishia humo. Na msimu ukikaribia atatokea mtu anauza "pepa ya mwaka huu". Ama anakuibia hela, ama anakuingiza kwenye udanganyifu ambao Necta wakiubaini wanafuta matokeo yako. Toka kwenye kundi hilo siku hiyo hiyo.

Na kama hakuna haja ya kurisiti?

Wauza tuisheni hawatakwambia hili. Ukirisiti, unasubiri kutoka Julai hii hadi mtihani wa Mei, kisha matokeo ya Julai nyingine, ndipo uombe chuo. Mwaka mzima, bila uhakika.

Chuo Kikuu Huria kina kozi ya msingi, wenyewe wanaiita Foundation, kwa waliomaliza Form Six wakapungukiwa pointi. Ni ya mwaka mmoja, na ukiimaliza kwa GPA (wastani wa alama) ya 3.0 na kutimiza masharti ya masomo unaweza kuomba shahada. Vituo vyao vipo Arusha na Moshi. Muda ni ule ule wa kurisiti, ila badala ya mtihani mmoja wa Mei unapimwa kidogo kidogo.

Diploma ni ndefu zaidi lakini unatoka na kitu mkononi. Aliye na ufaulu mkuu mmoja, yaani kati ya A na E, na S moja anapokelewa kwenye diploma nyingi, na huku kaskazini hatuna uhaba wa vyuo: Uhasibu pale Njiro, Ufundi Arusha, Maendeleo ya Jamii Tengeru, Ushirika Moshi, Mweka kwa anayependa wanyamapori. Diploma yenye GPA ya 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya Form Four, inafungua mlango wa shahada. Kwa mtu mwenye E na S, na hasa aliyekwisha risiti mara moja akarudi na zile zile, mimi siandiki tena jina lake kwenye tuisheni. Nampeleka akachukue fomu ya diploma.

Anayesitasita kati ya hizi zote, nina jaribio la wiki moja. Chukua pepa ya miaka miwili iliyopita ya lile somo lililokuangusha. Kaa maktaba saa tatu, simu imezimwa, uandike yote. Mpelekee mwalimu asiyekufahamu, umlipe, uchukue maki. Ukipata 40 na kitu, na maoni yake yanahusu mpangilio, mifano na Kiingereza, wewe ni wa kujisomea na msahihishaji. Ukipata 25 na ameandika "hujui mada" maswali matatu mfululizo, unahitaji mtu mbele ya ubao. Ukishindwa hata kukaa zile saa tatu, tafuta kituo chenye ratiba, na karibu na nyumbani.

Lifanye mapema, kwa sababu usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufungwa mwaka unaotangulia mtihani, na wanaokuja kushtuka Januari huwa wamechelewa. Unaanzia kituo cha mtihani kupata namba ya rejea, kisha malipo kwa control number, kisha unajaza taarifa mtandaoni. Namba ya kituo chako sasa itaanza na P, si S uliyoizoea shuleni. Hakikisha majina yanafanana herufi kwa herufi na cheti cha Form Four, na kabla hujabonyeza kutuma soma namba za masomo mara mbili: Historia ni 112, Jiografia 113, Kemia 132, Baiolojia 133. Za hisabati ndizo zinazoponza watu, maana BAM (Basic Applied Mathematics) ni 141 na Advanced ni 142.